Barafu ya Mama Kandida

Apa kwanza. Lamba kidole, kielekeze juu, useme hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Hata mimi Noela aliniapisha hivyo hivyo pale sokoni, katikati ya kikohozi chake, na tazama, kikapu sijatua, tayari nakwambia wewe.

Jioni ile Levina alitoka kununua ndimu. Ilikuwa arobaini ya mama mkwe wake, Kandida, na uani wanajumuiya walishaanza kukaa mikekani na rozari zao. Ndimu ni za kusafishia mashine ya barafu, alimwambia wifi yake, huyo Noela. Noela hakuamini. Tangu kaka yake, Theodori, anunue kile kimashine cha mezani, nani aliwahi kumwona Levina akikisafisha?

Na fundi aliwaeleza vizuri. Kila wiki chomoa kizibo cha chini, mwaga maji yote, sugua kwa ndimu, na barafu ya kwanza usile. Maana barafu isipotolewa inayeyuka, maji yanarudi kwenye tangi, yanagandishwa tena. Yale yale. Yanazunguka.

Hilo la kuzunguka lilimwingia Levina.

Mumewe Theodori, ujue, alikuwa na mwanamke kule Mlimba. Akisikia honi ya treni hakaliki. Levina akaenda Mofu kwa mganga, akarudi na maneno mawili. Mtu akinywa maji aliyooshewa marehemu wake, haondoki tena nyumbani. Lakini maji hayo yasiguse udongo. Udongo ukiyapata, unamchukua na aliyeyanywa. Kuyatengua je? Hakuuliza. Mwenye wivu haulizi njia ya kurudi.

Kandida alipokufa, wanawake walimwosha, maji wakayafukia shimoni nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi. Si yote. Levina alijaza chupa moja, tena chupa ya marehemu mwenyewe ya maji ya baraka, iliyoandikwa jina lake kwa kalamu ili isipotee kanisani. Usiku wa matanga akaimimina kwenye mashine.

Treni ikapiga honi. Theodori, bilauri ya barafu mkononi, hakuinuka. Levina aliimba wiki nzima, wenzake wako msibani yeye anaimba.

Wiki ya pili, Theodori hata shamba la mpunga hakwenda. Wiki ya tatu alianza kukohoa. Kikohozi kirefu, chenye mluzi mwishoni... kikohozi cha mama yake. Akataka ugoro, mtu ambaye hajawahi kuunusa. Barafu nayo ikaanza kunuka ugoro. Halafu alfajiri moja Levina alimkuta amekaa kizingitini, kanga ya marehemu kiunoni, anamtazama kwa macho ya kumhesabia makosa.

"Mkamwana," akamwita.

Mumewe. Akamwita mkamwana.

Basi ndiyo maana ya zile ndimu, kisingizio cha kuifungua mashine. Levina aliazimia kuyarudisha maji yote chupani, asimwage hata tone, ayafunge kabisa, labda mume atamrudia. Lakini alipofika uani na mfuko wake, alikuwa amechelewa. Theodori alikuwa amekwisha kuwagawia wageni maji ya baridi. Bilauri kila mkono. Vipande vya barafu vinagongana.

"Salamu Maria..."

Mmoja akakohoa. Kikohozi kirefu, chenye mluzi. Akafuata wa pili. Halafu Noela.

Levina alikimbilia jikoni. Akachomoa waya ukutani, akakinga chupa, akatoa kizibo. Maji yakaanza kushuka taratibu. Harufu ya ugoro ikajaa. Na mashine, isiyo na umeme, ikaendelea kudondosha barafu.

Ko.

Ko... ko.

Uani rozari ikanyamaza.

Mwanga wa simu ukampiga usoni. Noela mlangoni, na nyuma yake jumuiya nzima.

"Unakinga nini, wifi?"

"Maji ya mashine."

"Kwenye chupa ya baraka ya mama?" Jina lilisomeka wazi kwenye mwanga. Noela akaingia, akamkamata mkono wenye chupa. "Hii tuliitafuta tumzike nayo. Ulisema imepotea."

"Usiutikise mkono," Levina akanong'ona. Sakafu ya jiko lile ni udongo mtupu, na chupa ilikuwa imejaa hadi mdomoni. "Ni maji tuliyomwoshea. Yakigusa chini anakufa Theodori. Na nyie wote. Mmeyanywa."

Bilauri moja tupu ikaanguka huko nyuma, ikavunjika.

Kundi likagawanyika katikati. Theodori akapita, amejifunga kanga, akinyoosha kiganja. Sauti iliyotoka kinywani mwake Noela aliijua. Ndiyo iliyombembeleza utotoni.

"Mkamwana. Nirudishie chupa yangu."

Na mkono wa Noela, uliomshika Levina, ukaanza kutetemeka, na chupa nayo.