Mkeka Mwembamba wa Khawla

Kila alfajiri, kabla baba yake hajarudi msikitini, Khawla alikuwa ameshaliondoa shuka kitandani. Alilisuuza bafuni, akalipandisha juu kabisa ya nyumba yao ya Malindi, mjini Unguja, akalianika nyuma ya mashuka mengine ili lisionekane. Kisha aliligeuza godoro, akafungua dirisha na kuvaa sare za skuli kama vile hakuna lililotokea.

Hakuwa hivyo zamani. Tatizo lilianza pale mama yake alipojifungua mtoto wa kiume. Mama alikuwa bado yumo katika arubaini yake, usiku kucha ananyonyesha, mchana amechoka. Khawla, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, hakutaka kumwongezea mzigo. Zaidi ya hayo, aliogopa. Darasani kwao palikuwa na mtoto aliyewahi kuitwa kikojozi, na jina lile lilimganda mpaka akahamishwa skuli.

Baba yake, Bwana Hisham, alikuwa dereva wa gari ya watalii. Jioni moja, wakati wa kula, alisema, "Wageni wanapanda ndege kuja kulala garini kwenye mashamba yetu, na sisi wenyewe hatujajaribu hata mara moja. Likizo hii tunakwenda shamba kwa ami yako Zahor, karibu na Kizimbani. Mimi na Zahor tutalala kibandani. Wewe na shangazi yako mtalala garini. Na Alifiya nshamwombea ruhusa kwa baba yake."

Alifiya alikuwa rafiki yake mkubwa. Walikaa dawati moja. Khawla aliitikia, "Ahsante, baba," lakini mawazo yake yalikuwa yameshafika usiku. Kulala ubavu kwa ubavu na Alifiya, ndani ya gari, bila ya pa kuficha shuka.

Siku ya pili yake Khawla na baba yake walikwenda Darajani, kwenye duka la baba yake Alifiya, Mzee Hasanali, aliyekuwa akiuza magodoro na mikeka.

"Shikamoo, ami," Khawla alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, njooni muone." Mzee Hasanali alitandaza vitu vitatu sakafuni. "Viti vya gari vikilazwa huacha mabonde na vyuma. Kazi ya godoro ni kuyaziba hayo mabonde. Hili la upepo ni laini, lakini likipata mwiba limekwisha, na mmoja akijigeuza mwenziwe anarushwa. Hili la sponji hukunjwa mara tatu, na mgongo haugusi chuma. Huu mkeka wa povu ni wa kufanyia mazoezi. Ni mwembamba mno."

Khawla aliibonyeza sponji kwa kiganja. Ilizama, ikarudi juu taratibu. Alitamani kuilalia pale pale dukani. Lakini macho yake yaliona kitu kingine: sponji ile ikinywa maji, ikivimba, ikitoa harufu garini mchana kutwa. Akaupitisha mkono juu ya mkeka wa povu. Ulikuwa na utelezi. Ungepanguswa kwa kitambaa na kukauka.

"Mimi nnataka huu," alisema.

Alifiya, aliyekuwa pale dukani, alimshangaa. "Huo? Utaamka mgongo unauma."

"Nnapenda pagumu."

"Bonyeza tena, mwanangu," baba alimwambia. "Usichague kwa haraka."

"Huu huu, baba."

Baba alimtazama kidogo, kisha akanunua sponji mbili na ule mkeka. Njiani kurudi nyumbani, Khawla aliupakata ule mkeka. Sasa alikuwa na hofu mbili: ya kujikojolea, na ya kugundulika kwamba amesema uongo. Halafu ikamjia ya tatu. Mkeka unateleza. Maji yakitiririka upande wa Alifiya, je? Hapo ndipo alipoamua kuwa hatakunywa maji kabisa.

Siku ya safari alimimina chai yake kwenye sinki pale shangazi yake, Bi Shariffa, alipogeuka. Walipofika shamba alipewa dafu, akalishika tu mkononi, kisha akalimwaga nyuma ya gari. Usiku ule Alifiya na Bi Shariffa walilala fofofo juu ya sponji zao. Khawla alilala chali juu ya mkeka, chuma cha kiti kikimchoma kiunoni, akijifinya mkono kila usingizi ulipomjia. Kulikucha angali mkavu, lakini mdomo pia ulikuwa mkavu, na kichwa kilimgonga.

"Umelalaje?" Bi Shariffa aliuliza.

"Vizuri, shangazi."

Baada ya chai, ambayo hakuinywa, ami Zahor aliwachukua kuwaonesha mikarafuu. Jua lilikuwa kali na upepo haukuwepo. Alifiya alikuwa akiuliza maswali mbele, na Khawla alijivuta nyuma. Sauti zao zilianza kusikika kama zinatoka mbali. Aliona shina la mti likiinama kumjia. Alinyoosha mkono alishike, na hakukuwa na kitu.

Alipofumbua macho, alikuwa mikononi mwa baba yake, na baba alikuwa akikimbia. Khawla hakuwahi kumwona baba yake akikimbia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na alikuwa akirudia jina lake, "Khawla, Khawla," kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Hofu aliyoipata pale ilikuwa kubwa kuliko zile zote za mwanzo. Alidhani anakufa.

Walimpeleka kituo cha afya huko Bububu. Daktari, Bi Mumtaz, alimvuta ngozi ya mkono, akamwangalia ulimi, akampima mkojo, ambao ulikuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Akampa maji ya chumvi na sukari, anywe funda kwa funda.

"Mtoto huyu hajanywa maji tangu jana," alisema. "Kwa nini?"

Baba na Alifiya walikuwa wakisubiri nje. Chumbani alibaki Bi Shariffa peke yake, ameushika mguu wa Khawla juu ya shuka. Khawla aliukazia macho ukuta, akasema, "Nnajikojolea usiku. Tangu mtoto azaliwe. Niliogopa Alifiya ataniona."

Alingoja kugombezwa. Bi Shariffa alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Kujikojolea si uvivu wala ukaidi," daktari alisema. "Kwa wengine ni maradhi ya mkojo, ndiyo maana nimekupima, na wewe huna. Kwa wengine ni mwili kushtuka nyumbani kukiwa na mabadiliko, kama kuja kwa mtoto mchanga. Lakini kujinyima maji kungeweza kukuharibia figo. Kunywa vya kutosha mchana, punguza jioni, nenda chooni kabla ya kulala. Tatizo likiendelea, rudi na mama yako."

Walikaa pale mpaka Khawla akapata nguvu. Walipotoka, Bi Shariffa alinong'ona na baba, naye akamshika mwanawe kichwa. Kisha akasimamisha gari kwenye duka la magodoro la pale pale Bububu.

"Chagua tena," alimwambia.

Safari hii Khawla alizilalia sponji moja moja, mpaka akapata iliyomfaa. Bi Shariffa akachukua na mpira wa kutandika juu yake, ule wanaotandikiwa watoto wachanga.

"Mpira huo wa nini?" Alifiya aliuliza, akisaidia kubeba.

Khawla alimtazama shangazi yake.

"Hiyo ni siri yako," Bi Shariffa alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukitaka sema, usipotaka usiseme."

Khawla alimgeukia rafiki yake. "Siku hizi nnajikojolea usingizini," alisema.

Alifiya aliutazama ule mpira. "Basi wewe lala mlangoni," alisema. "Iwe rahisi kushuka."

Usiku ule, waliporudi shamba, Khawla alilala usingizi mzito. Asubuhi shuka lilikuwa limeroa, na sponji chini ya mpira ilikuwa kavu. Alimwamsha shangazi yake, wakaupangusa mpira na kulifua shuka kisimani, bila haraka.

"Jana baba yako alikimbia nawe akidhani amekupoteza," Bi Shariffa alisema, akilikamua shuka. "Na sababu yenyewe ni hii hapa, inaondoka kwa sabuni. Mwili ukiwa na tatizo, mwambie mkubwa unayemwamini mapema. Sisi hatuwezi kukusaidia kwa jambo tusilolijua."

"Naam, shangazi," Khawla aliitikia.

Akashika upande wa pili wa shuka, wakalitandaza juani, mbele ya gari.