Joho, Pete na Mchango

Bi Skolastika alikuwa anachambua maharage jikoni huku anapigana na nyoka mwenye vichwa saba. Mikono ilikuwa kwenye ungo, akili ilikuwa Nchi ya Ukungu, mchezo ulioiteka Songea nzima tangu watu walipoanza kupandikizwa mbegu ya neva nyuma ya sikio. Mbegu hiyo, ndogo kama punje ya ulezi, ilimwezesha mtu kucheza bila kioo wala kofia, na mavazi aliyoyavaa mchezoni yalimfuata mpaka nyumbani. Ukivaa koti la manyoya kule, huku husikii baridi. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, hiyo ilikuwa neema.

"Kichwa cha nne hicho!" alisema, akatupa kokoto nje ya ungo. Kisha akainuka, akaiepua sufuria motoni kwa mikono mitupu.

Editha, binti yake, alipiga kelele. Mama aliviangalia viganja vyake vilivyoanza kutoa malengelenge, akamshangaa mwanawe.

"Kelele za nini? Mbona sijaungua."

Editha alikuwa mhandisi katika karakana iliyotengeneza mchezo huo. Kazi yake ilikuwa kutatua migongano, yaani pale zana moja inapokutana na kipaji au zana nyingine yakatokea mambo ambayo hakuna aliyeyatunga. Mengi yalikuwa ya kuchekesha. Mchezaji mmoja alivaa viatu vya upepo pamoja na mkanda wa jiwe, akabaki ananing'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Lakini viganja vya mama havikumchekesha hata kidogo.

"Mama, umevaa nini kule?"

"Joho la Baadaye. Na ile pete niliyoshinda juzi juzi, Pete ya Mkesha."

Editha akakaa juu ya gunia la mahindi. Joho la Baadaye liliahirisha maumivu: kila jeraha lilisubiri mpaka mvaaji alale, ndipo limfikie usingizini taratibu, likiwa limepunguzwa makali. Pete ya Mkesha, nayo, ilimzuia mvaaji asilale. Kila kimoja kilipimwa peke yake kikafaulu. Hakuna aliyewaza kwamba mtu atavivaa pamoja, na maumivu yake yakose siku ya kufika, yawe yanarundikana tu.

"Umelala lini mara ya mwisho, mama?"

"Sisi wazee tunalala basi? Nasali rozari mpaka kunakucha." Alicheka, lakini macho yalikuwa yamezama na midomo ilikuwa inamtetemeka. "Haya, kama ni pete, naivua nijilaze."

"Usiiguse!"

Ilimbidi Editha amweleze. Kulikuwa na mchezaji wa Makambako aliyeivua pete hiyo, akasinzia. Yote aliyoyaahirisha yakamshukia kwa mpigo, na moyo haukustahimili. Kuing'oa mbegu hakukuwa na nafuu, maana ingemwaga kila ilichobeba. Na kumwacha mama bila usingizi kulikuwa ni kumzika polepole.

Bi Skolastika aliuweka ungo chini. "Yale majoka, na lile poromoko nililoanguka... yote yananisubiri?"

"Yote, mama."

"Mungu wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza Editha akamwona mama yake anaogopa.

Hapo ndipo alipokumbuka Kipaji cha Mchango. Mafundi walikitunga kwa kufuata desturi ya kwao: akifiwa mmoja, wote wanachanga. Kikundi kikikubaliana, jeraha la mmoja linagawanywa kwa wote. Kukipima kipaji hicho dhidi ya joho na pete kungehitaji wiki nyingi, na mama hakuwa nazo. Isitoshe, mchango ni mchango, nani asiyeujua? Editha akampigia simu Bi Filomena, mwenyekiti wa jumuiya ya mama yake kanisani.

Walikuja akina mama wote wa jumuiya, kila mmoja na mbegu yake nyuma ya sikio, khanga viunoni, kama wanaokwenda msibani.

"Skola hakubanduka kwangu nilipofiwa na mume," alisema Bi Filomena. "Tugawie kila mtu fungu lake tumalize."

Wakaketi kwenye mikeka sebuleni, Editha kati yao, wakakubali Mchango. Bi Skolastika akaivua pete. Akapiga mwayo, akajiegemeza begani kwa mwanawe, akalala. Aliguna mara moja tu, kisha akaanza kukoroma.

Wengine walifumba macho na kukaza meno. Wakasubiri. Hawakusikia kitu.

"Ndiyo hiyo tu?" Bi Filomena aliangua kicheko. "Mwiba wa samaki unauma kuliko hii!"

Vigelegele vikalia. Editha alilia kwa furaha, akamlaza mama vizuri, akaenda kuwatengenezea chai. Alikuwa anamimina huku anaitikia utani wao, chai ikafurika kikombe na kumwagikia mkono.

Hakusikia moto wowote.

Alisimama akiutazama mkono ukiwa mwekundu, ngozi ikianza kujikunja. Binadamu akichangia msiba anachukua sehemu ya uzito, basi. Mashine haikujua hivyo. Ilikuwa imewagawia wote kila kilichokuwa juu ya mama: maumivu, joho, na pete, ambayo sasa haikuwa kidoleni mwa yeyote aivue.

"Bi Filomena," aliita, "jaribu kujinyoosha. Jaribu kulala kidogo."

Bi Filomena alijilaza, akafumba macho, akageuka huku na huku. Wenzake wakamtazama.

"Hauji," alisema. Akaketi. Alimtazama Editha, akautazama ule mkono, akaelewa. "Basi usilie, mwanangu. Nimeshawapigia jumuiya ya pili waje kufurahi na sisi. Na wao watatuchangia."

Nje wimbo ulikuwa unakaribia, sauti nyingi za akina mama. Editha alikwenda akasimama mlangoni. Nyuma yake mama alikuwa anakoroma kwa raha. Alijua analopaswa kuwaambia hao wanaokuja, kwamba warudi wasikubali Mchango, na aliogopa kwamba hataweza kulisema.