Mifupa ya Umi katika Jumba la Bwana Khatib

Sauti ilianza mchana, duka limefungwa, watu wamejilaza. Krr. Krr. Khairiya alidhani ni panya. Akainua mkeka wa chumba cha nyuma ya duka, akagonga sakafu kwa kiatu. Kimya. Alipogeuka tu, krr tena, polepole, kama mzee mwenye meno machache anayetafuna mfupa na hana haraka.

"Panya," alisema mumewe, Mohdhar, bila kufumbua macho. "Jumba kubwa, panya wakubwa."

Ndiye Mohdhar huyo. Jumba lingemwangukia, angeuza kifusi.

Na jumba lenyewe lilikuwa jumba kweli, pale Usita wa Mui, njia kuu inayopasua mji wa Amu, yaani Lamu, katikati: mawe na boriti, maduka chini, makazi juu. Alilijenga Bwana Khatib, tajiri wa pembe, zama za mababu. Akazika mtoto, akahama. Akaingia muuza nguo, naye akazika mtoto, akahama. Kisha wa samli, vivyo hivyo. Mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza, maana watu wale hukupa habari za nyumba ukishamaliza kupanga vyombo. Mohdhar alilipata kwa bei rahisi mwaka ule Waingereza walipomvika taji malkia wao mpya, akajiona mjanja.

Binti yao Umi, wa miaka mitatu, alikuwa bado hajafanyiwa akika walipoingia. Khairiya akaona ndipo mahali pake. Mbuzi akachinjwa, akapikwa bila kuvunjwa mfupa hata mmoja, kwa kuwa mifupa ya akika ni kama ya mtoto mwenyewe: hukusanywa yote, ikazikwa penye usalama. Mama mkwe, Bi Hindu, alitaka ikazikwe uani kwake Mkomani, ilikozikwa ya wote wa ukoo. Khairiya akakataa. Alitaka mwanawe awe na mizizi katika jumba kubwa, mji umwone. Akachimba chumba cha nyuma, akafurahi kukuta udongo laini.

Hakujiuliza nani aliyeulainisha.

Sasa Umi alikuwa hali chakula. Alilala ubavu, mashavu yamebonyea, na kila ile sauti ilipoanza chini, alikunja uso.

"Mama, mwambie aache."

"Nani, mamaangu?"

"Anayetafuna."

Khairiya akamkimbilia mumewe dukani. "Tuhame. Leo. Nakuomba."

"Kwa sababu ya panya? Mganga wa serikali kasema homa."

"Homa haitafuni, Mohdhar!"

Ikaja harufu, ya nyama iliyochemshwa bila chumvi, ikapanda ngazi, ikaingia kwenye kanga na kwenye maji ya kunywa, na Khairiya akamwosha mtoto, akamfukiza ubani, akamfunga hirizi, akasoma Yasini mpaka koo likakauka, na bado kila alipomnyanyua alimwona mwepesi kuliko alipomlaza.

Bi Hindu alipofika alinusa mara moja tu, hakukaa.

"Mifupa ya mjukuu wangu mliizika wapi?"

"Hapa, mama."

"Hapa wapi?"

Khairiya akaonyesha.

"Fumbua mato yako, we mwana wa watu! Waliokutangulia walizika ya wana wao papo hapo. Humu mna mwenyewe. Umempa mtoto kwa mkono wako, umemtilia na nyama."

Wakamwita Mwalimu Famau, msomea majini, kutoka kisiwa cha Ndau. Alikuwa mtu wa kikohozi, na mwoga, lakini alikuja. Chai aliikataa.

"Fukua," alimnong'oneza Khairiya. "Aliyetoa ndiye arudishe. Utakachokipata ni chenu. Alichokwisha kukila ni chake, usikigombanie."

Akaanza kusoma. Khairiya akapiga magoti akachimba kwa kucha, akatoa ubavu, akatoa bega, akatoa fuvu, na chini yake akagusa mifupa mingine, myeusi, ya akika za watoto wa watu waliokwisha kuhama, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya weusi ule akaukamata mfupa wa paja wa mbuzi wake, ungali mweupe, akauvuta, usije, akauvuta tena, na akahisi waziwazi, kama unavyohisi ndoo kisimani, kwamba upande wa pili kuna mkono, nao unavuta.

"Uwache!" alisema Famau, akikatiza kisomo.

"Ni mwanangu!"

"Uwache, atakutwaa na wewe!"

Akauvuta, meno yameumana, akilia, mpaka bega lake likalia tap, na ule mfupa ukateleza viganjani ukaenda zake. Chini, krr.

Iliyobaki wakaifunga katika sanda, wakaizika Mkomani kabla ya magharibi. Usiku haujaingia, Umi akaomba uji. Akanywa bakuli zima, na Bi Hindu, asiyelia, akalia. Kisha mtoto akashuka kitandani, akaanguka. Mguu wa kulia ulikuwa baridi kama mtungi. Uko hivyo mpaka leo, mwembamba, haukui.

Mohdhar aliwahamishia wote kwa mamake Mkomani siku ile ile. Maduka ya chini yana wapangaji, na biashara si mbaya. Ghorofani hapakai mtu. Ila wenye maduka husikia juu ya vichwa vyao wayo mmoja mdogo ukikimbia, kutoka ukuta hadi ukuta, ukigeuka kwa haraka kama unaofuatwa. Na saa hiyo hiyo, kule Mkomani, Umi huwa amekaa kitako ukumbini, hajatikisika, jasho linamtoka, anahema.