Simu Iliyosalimia kwa Kihaya

Ta Audax, yaani Mzee Audax, alikuwa msemaji, jamani! Kijiji kizima cha Kagoma kilimjua. Siku ya kuuza kahawa alitania watu mpaka karani akasahau kusoma mizani.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi, ingawa ulitetemeka. Maneno hayakurudi.

Mkewe, Kokushubila, alimwuliza, "Unataka uji au chai?" Ta Audax alifungua mdomo, akahangaika, akalia.

"Maneno anayajua, yamekwama tu," alisema mtaalamu wa hospitali kule Bukoba. "Mzoeshe kidogo kidogo. Hata mchezo wa maneno kwenye simu utamsaidia."

Binti yao Jovina, anayeishi mtaa wa Bakoba hukohuko mjini Bukoba, akauweka mchezo huo kwenye simu ya mama yake. Herufi hukaa kwenye duara. Unaziunganisha kwa kidole, unapata neno.

Kila mchana wazee hao wawili walikaa barazani, vichwa vimegusana. Siku moja Ta Audax aliunganisha N, D, I, Z, I. Simu ikapiga muziki.

"Ndi... ndizi," alisema.

Kokushubila alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Lakini mchezo ule ulikuwa na kero zake. Kila baada ya neno, tangazo. Mara la viatu, mara la kamari. Alama ya kulifunga ni ndogo kama punje ya ulezi, na kidole cha Ta Audax kinatetemeka. Akikosea tu, anapelekwa kwingine kabisa. Alikuwa anakasirika, masikini.

Simu ikaandika: "Lipia mara moja, matangazo yaondoke." Kokushubila hakusita. Alilipa kwa pesa za kwenye simu. Ujumbe ukaja kwamba malipo yamepokelewa. Halafu mchezo wenyewe ukagoma! "Malipo hayajathibitishwa," uliandika, ukaganda hapo. Azime simu, aiwashe, wapi!

Ta Audax akageukia ukuta. Hakutaka uji wala mgeni. Hata ile "ndizi" haikutoka tena. Kokushubila aliogopa kwelikweli. Pesa ataipata msimu wa kahawa. Sauti ya mumewe ataipata wapi?

Ndipo alipoona, pale unapopakuliwa mchezo, nafasi ya kuandika maoni. Aliandika kama alivyofundishwa shuleni kuandika barua: "Habari za kazi. Mimi ni Kokushubila, mke wa Audax, wa Kagoma, Muleba. Nimelipa, mchezo haufunguki. Mume wangu anauhitaji ili apone. Nipigieni tafadhali." Akamalizia kwa namba yake ya simu. Adabu tupu!

Kesho yake simu ikalia.

"Wasibota, Ma Kokushubila!" Mwanaume alisalimia kwa Kihaya safi, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Napiga kutoka kwa wenye mchezo. Ta Audax anaendeleaje?"

Kokushubila alifurahi mno. Kumbe ni mtu wa nyumbani! Na mgonjwa anamjua!

"Tunakufungulia sasa hivi," alisema yule mtu. "Nitajie tu namba ya siri ya pesa zako."

Wakati huohuo Dativa akaingia uani. Dativa ni jirani yao, wakala wa pesa za simu. Kokushubila alimsogezea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni, huku akiongea na simu. "Namba ya siri, baba, inaanza na mbili..."

Dativa aliirudisha kahawa kikapuni.

"Ma, usitaje! Kata simu!"

"Nitamkatiaje mtu aliyenisalimu vizuri hivi?" Kokushubila alinong'ona.

"Kata! Huyo ni tapeli!"

Kokushubila akakata. "Dativa, umenitia aibu. Yule ni mtoto wa huku. Anatujua."

"Amewajulia wapi?"

Kokushubila akamwonyesha maoni yake. Dativa akasoma, akashika kichwa.

"Ma, hapa panasomwa na kila mtu. Jina umempa wewe. Kwenu umempa wewe. Mgonjwa umempa wewe. Yeye ameongeza salamu tu."

"Yesu na Maria!" Kokushubila aliketi chini. "Kumbe nimejianika mwenyewe."

"Hujaibiwa, Ma. Tumshukuru Mungu. Tutengeneze."

Walifuta maoni yale. Walibadilisha namba ya siri, na Dativa aligeuka pembeni Kokushubila alipokuwa akiibonyeza. "Hata mimi wakala usinionyeshe," alisema. Wakapiga huduma kwa wateja, wakaripoti namba ya yule mtu. Kisha Dativa akauliza, "Ujumbe wa malipo unao?"

"Huu hapa."

"Vizuri. Usiufute, ndio risiti yako. Na siku ile mtandao ulikuwaje?"

"Ulikuwa unakatikakatika."

"Basi pesa ilifika, ila mchezo haukupata habari."

Simu ilikuwa imejaa. Walifuta video za zamani, wakasasisha mchezo. Dativa akafungua mipangilio, akabonyeza palipoandikwa "Rejesha malipo".

"Na ikikataa?" Kokushubila aliuliza.

"Tutawaandikia wenye mchezo kwenye sehemu ya msaada, humohumo ndani ya mchezo. Watafute wewe. Anayekupigia akitaka namba ya siri ni mwizi, hata akisalimia kwa lugha ya mama yako."

Duara la herufi likarudi. Hakuna viatu, hakuna kamari. Ta Audax, aliyekuwa amelala mkekani palepale barazani akisikia yote, akageuka kutoka ukutani, akanyoosha mkono.

"Wakola, Dativa," Kokushubila alisema, machozi yanamtoka. "Asante sana, mwanangu. Hujui ulichonirudishia." Safari hii Dativa aliitafuna ile kahawa.

Maneno yakaanza kurudi, moja moja. Uji. Mvua. Jovina.

Mchana mmoja Ta Audax alikuwa anacheza, simu ikalia mkononi mwake kwa namba ngeni. Akapokea, akaguna, "Ee."

"Wasibota, Ta Audax! Napiga kutoka kwa wenye mchezo. Nitajie ile namba ya siri, tumalize."

Kokushubila alinyoosha mkono aipokee simu. Mumewe akamzuia. Mdomo wake ulihangaika kama zamani, shingo ikamtoka mishipa.

"Si... sitaji," alisema.

"Mzee wangu, ni namba tu..."

Ta Audax akavuta pumzi. "Mwizi wewe. Kalime!"

Akakata.

Kokushubila alicheka, akalia, akacheka tena. Alimkumbatia mume wake mpaka kofia ikaanguka. "Umemfukuza! Baba Jovina, umeongea!"

Lakini Ta Audax alikuwa hajamaliza. Alimwonyesha kidole asubiri. Akatafuta neno, akalipata, akatafuta jingine.

"Mpe... Dativa... ndizi."

Kokushubila akachukua panga, akaenda migombani kukata mkungu mkubwa kuliko yote.