Mstari wa Kichomi

Siku waliyokutana, Justa alikuwa amesimama katikati ya soko la Ifakara, daftari mkononi, akimsumbua muuza mchele kwa maswali. Ilikuwa Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na pindo la gauni lake la kitenge cha manjano lilikuwa limejaa matope.

"Shikamoo, mama Valeria. Hivi mtu akisema ana kichomi, anaumwa nini hasa?"

"Marahaba, mwanangu. Si kifua? Akivuta pumzi, ubavu unamchoma."

"Kwetu Michenga hata mapenzi yanaleta kichomi," alidakia kijana aliyekuwa akipimiwa mchele pembeni, shati jeupe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. "Andika na hilo."

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Ila unaonekana unaandika kila kitu."

Mama Valeria alicheka hadi mchele ukamwagika. Justa alifunga daftari akaondoka bila kuaga, na njia nzima akawa anatabasamu peke yake.

Jumatatu alimkuta kijana yuleyule ofisini. Jina lake Silvano, na ndiye mratibu mpya wa matoleo. Ofisi yao ilitafsiri orodha ya majina ya magonjwa yanayotumika zahanati. Orodha ya Kiingereza ilitoka Januari na Julai. Ya Kiswahili ilifuata Machi na Septemba, siku ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Ikikosa saa hiyo, zahanati zinabaki na majina ya zamani miezi sita mingine. Justa alitafsiri, tabibu Evod alikagua maana, na Silvano alipanga tarehe na kulifunga toleo. Mstari mmoja tu ukiwa na alama ya "bado", toleo zima halifungiki.

Penzi halikuchukua muda. Januari haijaisha, simu zao zilikuwa ndefu kuliko mikutano ya ofisi.

"Unanipenda?" Silvano aliuliza.

"Kwa Kiingereza si nilishakujibu juzi?"

"Nataka Kiswahili."

"Kiswahili kinatoka Machi, baba. Fuata ratiba."

Basi Machi ikafika, na katikati yake Silvano akabadilika. Akipigiwa, yuko bize. Akikutana na Justa mlangoni, anapisha kama anampisha mgeni. Siku moja akamwita "dada Justa", na neno hilo likamkata maini. Dada? Mtu aliyekuwa akimwita asali wa moyo? Justa aliuliza kosa lake mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba hakuna kosa. Alikonda. Wali na samaki, chakula alichokuwa akigombania tangu utoto, vikamshinda kumeza. Alijua anaachwa, ila hakujua kwa lipi, na hilo lilimuumiza kuliko kuachwa kwenyewe.

Siku ya mwisho ya Machi, saa tisa na robo, Dativa wa meza ya jirani alimwinamia sikioni.

"Mwenzio kaomba uhamisho Morogoro. Kapanda basi sasa hivi. Toleo atalifungia njiani."

Justa alipiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena hadi simu yenyewe ikamwambia namba haipatikani. Alituma ujumbe, haukufika. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuona haya. Evod, mtu mzima mwenye roho nzuri, aliyekuwa akimrudisha nyumbani Katindiuka kwa pikipiki mvua ikizidi, alimletea maji.

"Maliza kupitia mistari yako kwanza," alimwambia kwa upole. "Utalia ukiwa umemaliza."

Akaendelea na mistari huku anafuta macho. Alipofika mstari wa mia nne na kumi na mbili, kichomi, alitaka kuona maelezo ya zamani, akafungua historia yake. Kwenye kisanduku cha maoni palikuwa pameandikwa mara mbili, wiki mbili zilizopita.

Jumatano, Silvano: *Justa, neno hili ndilo lililotukutanisha. Kiswahili kimefika. Unakubali nije kwa wazazi wako? Nijibu hapahapa.*

Alhamisi, Justa: *Limeondolewa. Badala yake: Evod.*

Neno kichomi lilikuwa miongoni mwa majina arobaini ambayo Kiingereza kilikuwa kimeyaondoa Januari, na kila moja lilihitaji Evod alichagulie jina la kuchukua nafasi yake. Justa aliandika maoni hayo mara moja tu, juu kabisa, kisha akayaburuta kwa kipanya yajinakili hadi chini, bila kutazama. Alikuwa amefunika posa yake mwenyewe.

Evod alisoma kutoka nyuma ya bega lake. "Badala yake mimi? Mke wangu akiliona hili, nimekwisha."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Justa alifikiria zahanati zote za bonde zinazosubiri majina mapya. Alifikiria kibarua chake. Kisha akaondoa alama ya "limekubaliwa" kwenye kichomi, akaweka "bado".

"Umerukwa na akili?" Dativa aliuliza. "Tutakosa toleo."

"Tutakosa," Justa alisema.

Dakika zikapita, kila moja na uzito wake. Ilipobaki sita, simu iliita. Nyuma ya sauti ya Silvano alisikia wauza ndizi wa kituo cha Mkula wakiita abiria.

"Dada Justa, mstari wa mia nne na kumi na mbili unazuia toleo."

"Najua."

"Ubadilishe. Nimeshuka kutafuta mtandao na basi linataka kuondoka."

"Siwezi. Niliulizwa swali pale na sijajibu."

"Ulijibu," alisema Silvano taratibu.

"Niliburuta, Silvano. Mistari arobaini. Swali lako sikuliona mpaka leo. Tazama mstari unaofuata, minyoo nayo nimemwachia Evod."

Alisikia vitufe vya kompyuta yake ndogo vikibonyezwa.

"Na upele," Silvano alisema.

"Na upele."

"Wiki mbili silali, Justa."

"Na mimi wiki mbili naitwa dada. Kwa nini hukuniuliza kwa mdomo?"

"Niliogopa. Kisha nikasoma, nikaogopa zaidi." Alivuta pumzi. "Toleo lina dakika tatu. Jibu la mstari ni lipi?"

Justa aliandika, kidole kikikosea herufi: *Ndiyo. Njoo Jumapili, wazazi wapo.* Kisha akaondoa "bado", akaweka "limekubaliwa".

Saa kumi kasoro dakika moja, kioo cha kompyuta kiliandika kwamba toleo la Machi limefungwa, na Dativa akajishika kifua. Kwenye simu, ngurumo ya injini ilipanda, ikapita, ikafifia.

"Silvano, hilo si basi lako?"

"Ndilo. Limeondoka na begi langu, na shati jeupe limo humohumo."

"Kaa hapohapo. Evod ana pikipiki, anak..."

"Evod tena?"

Justa alicheka huku analia. Alinyoosha mkono, na Evod, bila kuulizwa, akamwekea funguo kiganjani.

"Hapana," Justa alimwambia Silvano, akivaa koti la mvua. "Safari hii hakuna badala yake. Naja mwenyewe."