Mgeni wa Mwisho wa Baraza la Chuma

Tuliokuwepo ni hawa: shemeji yangu Ngollo mwenye gitaa, Mzee Lugembe, mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa hapa Kwihara, Bi Maua wa maandazi, wanakijiji waliokaa chini, na mimi, na mwanangu mchanga Imakulata mgongoni. Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimempelekea Ngollo viazi, maana siku za Baraza alikuwa akisahau kula.

Baraza la Chuma lilianza kama mchezo. Ngollo alipiga gitaa kwa betri ya trekta mpaka spika ikanguruma, kisha akamkalisha mgeni kigodani na kumhoji. Baadaye watu wakawa wanakuja kwa treni kutoka Bukene. Wiki ile alikuwa amefukua mnyororo shambani, pale ilipopita misafara ya zamani ya watumwa. Akautundika mbele ya spika ili ulie pamoja na nyuzi.

"Mwenyekiti, sogea nyuma," alitania. "Hii itakung'oa meno yaliyobaki."

"Meno yangu ni mali ya kijiji. Piga."

Kwanza Ngollo alimfunika Imakulata masikio kwa kitambaa. Hakusahau hilo hata siku moja.

Akapiga.

Nyuzi zikanyamaza. Mnyororo haukunyamaza.

Halafu harufu... jasho na kutu.

"Hodi," ilisema spika. Sauti ya mwanamke.

Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo wa Ngollo. Kwetu hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka umwone anayebisha. Ngollo alijua. Lakini ulimi wake ulishazoea kukaribisha.

"Karibu mgeni, keti. Watoka wapi?"

Kigoda kikalia... kama kimekaliwa.

"Njiani. Waliniambia nibebe pembe ya ndovu au mtoto. Nikabeba pembe."

Bi Maua alininong'oneza, "Ondoka, mwanangu."

"Na mtoto?" Ngollo aliuliza taratibu.

"Nimekuja kumchukua."

Mzee Lugembe akakata waya wa betri kwa panga. Spika ikaendelea kupumua.

Mnyororo ukaruka.

Ukanikaba shingo, ukaniangusha, ncha yake ikitambaa kuelekea kwenye mbeleko. Sikuweza kupiga kelele. Ngollo akaingiza mkono kati ya chuma na mwanangu. Nilisikia mifupa ikivunjika, kidole kimoja baada ya kingine. Damu yake ikanimwagikia, ya moto. Hakuutoa mkono.

"Mama," alinong'ona, "huyu si wako. Wako alibaki njiani. Rudi ukamtafute."



Mnyororo ukaanguka. Mkono wa Ngollo ukaanguka nao, umekatika.

Mzee Lugembe alilivunja Baraza jioni ile ile. Spika na mnyororo vikafukiwa pamoja. Ngollo, akiwa amelazwa kwenye trela la trekta kupelekwa hospitali, aliniuliza jambo moja tu.

"Shemeji, mtoto amenyonya?"

Mwaka uliofuata Imakulata alianza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "hodi".