Sahani ya Kwanza ni ya Mwenyeji

Baga ya kwanza ya siku haikupewa mteja. Fundi wa lifti aliiona ikipita mbele ya pua yake, inafuka moshi, vitunguu vimekaangwa hadi vikawa kahawia, ikawekwa kwenye meza ya pembeni penye kiti kitupu. Alikuwa amesafiri kuja kutengeneza lifti ya jengo la ng'ambo ya barabara, na kila mtu kule alimwambia kwamba asipokula kwenye mkahawa huu wa zamani, basi hajafika. Haya, amefika, na njaa inamuuma.

"Dada, ile ya nani?"

Mhudumu alishusha sauti. "Ya Mwenyeji, kaka. Alikuwepo hapa kabla mkahawa haujajengwa. Ya kwanza ni yake mpaka ipoe. Yako inakuja, vumilia kidogo."

Fundi aliguna. Yeye ni mtu wa nyaya na mota. Habari za majini aliwaachia bibi zake. Mhudumu alipoingia jikoni, akanyoosha mkono. Nitaonja tu, alijiambia, lakini mlafi hajui kuonja, na kufumba na kufumbua sahani ikawa tupu. Ilikuwa tamu ajabu. Tena ilikuwa baridi kama barafu, ingawa moshi ulikuwa bado unafuka.

Kiti kitupu kikajisogeza nyuma, taratibu.

Mwenye mkahawa, mama mtu mzima aliyerithi jiko lile kwa mama yake, akatoka mbio, mhudumu nyuma yake. "Nani amekula?"

Wateja wote waligeuka, na miongoni mwao alikuwamo meneja wa jengo, yule aliyemwita fundi kazini. Hapo angesema, "Ni mimi, mama, nisamehe," yakaisha. Badala yake akasema, "Nimemwona huyu dada akiitafuna."

Mhudumu alimtazama. Mwenye mkahawa akamwonyesha mlango. Binti alivua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye kaunta, akatoka nje. Baga yake fundi ilipoletwa aliila ameinamisha uso, akaona haya hata kuomba maji.

Alirudi kwenye lifti, akajifungia ndani ili aijaribu. Harufu ya vitunguu ikaingia. Akajinusa mikono, ilikuwa inatoka mafuta. Akaifuta kwa kitambaa, mafuta yakazidi, spana ikamponyoka, na alipoinama kuiokota akasikia mtu anatafuna nyuma ya sikio lake, polepole, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumaliza chakula cha watu, na kila alipogeuka mtafunaji naye aligeuka, hata taa ikafifia na sauti ikamwambia, bila hasira yoyote, "Changu umekula. Sasa mimi nitakula kwa nani?"

Alivuka barabara bila kutazama magari.

"Kumbe ni wewe," alisema mwenye mkahawa, akiinusa ile harufu iliyoingia naye. Nyuma yake, kiti cha pembeni kilijivuta tena. "Nami nimemfukuza mtoto wa watu!"

"Mama, nakuomba, tuyamalize huko jikoni, kimyakimya."

"Mwanangu, anayekula sahani ya Mwenyeji amemkaribisha nyumbani kwake. Ukaribisho huo haufutiki mpaka ukiri mbele ya wale wale uliowadanganya, naye Mwenyeji akiwa bado humu ndani anasikia. Nenda. Wako pale wanakunywa kahawa. Hata binti yupo mlangoni, amefuata mkoba wake."

Fundi akasimama katikati ya meza. Meneja akainua macho. Jasho likamtiririka, akajiona mtu mzima mwenye ndevu aliyeiba chakula akamsingizia msichana.

"Jamani," alisema, "huyu dada hana kosa. Ilikuwa... hatukuelewana tu."

Harufu ikakatika papo hapo. Mikono ikakauka. Mhudumu akamtazama vilevile kama mwanzo, akaondoka na mkoba wake.

"Mwenyeji ameondoka, mama!" fundi alinong'ona, furaha tele.

"Ameondoka hapa," alijibu mwenye mkahawa, na hakumtazama tena.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, naye alizungumza kwa sauti ya chini sana.

"Baba watoto, mbona hukuniambia tuna mgeni? Sikumsikia akibisha hodi. Amekaa kwenye kiti chako. Nyumba nzima inanuka vitunguu."

"Usimpe kitu! Watoto wako wapi?"

"Wako naye mezani. Anawauliza kama baba yao huwa anasema kweli."

Fundi akageuka, akapiga kelele mpaka vikombe vikatulia mikononi mwa watu. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyekula! Nimemsingizia yule dada!"

Wote walimsikia, meneja akiwa wa kwanza. Lakini kiti cha pembeni kilikuwa kimetulia, na ndani ya simu mtu alikuwa anatafuna, polepole, kwa adabu.